Jibu kwa binti wa Magu: ng'ombe wanaohama wanaua ardhi au wanaiponya?

Mwangaluka mayu, yaani habari za asubuhi mama. Swali lako nimelisoma mara mbili maana limenigusa, nalirudia kwa kifupi ili na wengine wajue tunaongea nini. Unasema mzee wako ana ng'ombe sitini na kitu huko Magu, wa kienyeji, na kila mwaka mwezi wa sita ukiisha kaka zako wanawaswaga wanaondoka nao mpaka mvua za vuli zianze ndo wanarudi. Juzi kwenye mkutano wa kijiji akasimama mgeni mmoja akasema kuhamahama ndo kunaleta jangwa na kukausha ziwa, wafugaji wote watulie sehemu moja wafuge kisasa. Mzee karudi nyumbani kimya, usiku kakuita wewe uliyesoma kakuuliza "hivi ni kweli sisi ndo tunaua ardhi?" Na wewe ukaniuliza mimi kama kuna faida yoyote ya kuhamahama kwa mazingira au wafugaji wanajitetea tu.

Mwambie mzee faida ipo, tena kubwa, ila ina sharti lake, ng'ombe wahame kweli na mahali walipotoka papumzike kweli. Sharti likivunjika mgeni wenu anakuwa na hoja. Mimi kazi yangu ni malisho, zaidi ya miaka ishirini nazunguka huku kanda ya ziwa na Shinyanga nahesabu nyasi na kupima udongo, na kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa kuchunga Kwimba, kwahiyo hili jambo nalijua kwa miguu na kwa vitabu, nisamehe nikiongea kirefu.

Tuanze na nyasi yenyewe maana hapo ndo wengi wanakosea. Watu wanaiona nyasi kama mche wa mti, kwamba ikiliwa imeharibiwa. Mche wa mti unakulia juu, mbuzi akikata kile kichwa kaupa kilema. Nyasi yenyewe pale inapokulia ni chini kabisa karibu na udongo, ng'ombe anabeba jani lakini mahali panapotoa jani jipya pamebaki salama, na nyanda zetu hizi zimekaa na wanyama wala nyasi miaka mamilioni kabla hata hajazaliwa ng'ombe wa kwanza wa kufugwa. Ila sasa sikiliza hapa. Nyasi ikishaliwa inachota akiba iliyoweka chini kwenye shina na mizizi, inatoa jani, jani likishakomaa ndo linaanza kulipa ile akiba. Huko kuchota na kulipa kunataka muda, kipindi cha mvua ni wiki kadhaa, kiangazi ni miezi. Ng'ombe akirudi kabla deni halijalipwa nyasi inachota tena, akirudi tena inachota tena, mizizi inafupika, na mwisho nyasi nzuri ya kudumu inakufa na mahali pake panakuja vile vimajani vya msimu mmoja visivyo na faida, au panabaki uwazi mgumu kama sakafu ambao mvua ikinyesha maji yanateleza tu yanaenda korongoni.

Na nyasi isiyoliwa kabisa nayo haiko salama, hili watu hawalisemi. Inazeeka imesimama, yale mabua ya kijivu, inajizibia jua yenyewe chipukizi za chini zinadhoofu, alafu mwezi wa nane mtu anapitisha kiberiti. Moto wa nyasi ndefu ni mkali sana, unaua miche ya miti na kila kinachotambaa. Kwahiyo nyasi inataka iliwe, alafu iachwe, na ng'ombe anayepita na kuondoka anaipa vyote viwili. Ukiangalia vizuri sehemu nyingi ambazo watu wanasema tatizo ni wingi wa ng'ombe, tatizo limeanza pale ng'ombe walipokosa pa kwenda.

Alafu kuna mvua. Mvua zetu unazijua mayu, inapiga kijiji cha jirani mpaka vyura wanalia na kwenu vumbi. Ukifunga mifugo sehemu moja maana yake umeweka dau kwamba mvua itaangukia hapo hapo kila mwaka, na haifanyi hivyo. Anayehama anaifuata mvua ilipoangukia, majani yakiwa bado machanga yenye nguvu, anapakula juu juu anaondoka.

Nilipokuwa mdogo baba alikuwa anatutuma kushuka mabondeni, kwenye mbuga zile za udongo mweusi, mara tu mtama ukishavunwa. Mwaka mmoja ikaja amri hakuna ng'ombe kutoka, sababu sijui hata leo, sisi watoto hatukuelezwa, tukachunga kilima kile kile kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi na moja. Mvua ya kwanza ilivyonyesha kilima kilishuka chekundu, mfereji aliokuwa anaruka mtoto ukawa korongo la kumeza ng'ombe, na mpaka leo lipo. Ng'ombe walikuwa wale wale, idadi ile ile, wachungaji wale wale, kilichobadilika ni kwamba hawakuondoka.

Kama mzee anataka ushahidi mkubwa kuliko kilima cha kwetu, aangalie majirani zenu. Mkitoka Magu kuelekea Musoma mkishapita Lamadi, kulia kuna lango la Ndabaka, hapo ndo Serengeti inakuja karibu kabisa kugusa ziwa. Kule kuna nyumbu milioni moja na laki tatu hivi, na hakuna anayewaambia watulie sehemu moja. Kipindi cha mvua wako kusini kwenye nyasi fupi zenye madini wanazaa, ikifika mwezi wa tano wa sita wanapandisha huku magharibi Grumeti, alafu kaskazini Mara, mvua zikirudi nao wanarudi. Miaka ya 1890 ulipoingia ule ugonjwa wa sotoka ng'ombe na nyumbu walikufa karibu wote, na hata mwaka 1961 nyumbu walikuwa kama laki mbili na nusu tu. Ng'ombe wa wafugaji wanaozunguka hifadhi walipochanjwa sotoka ikakatika na kwa nyumbu, wakaongezeka mpaka kupita milioni kabla ya mwisho wa miaka ya 70. Na matokeo yake kwenye ardhi yalishangaza wengi, nyasi zikawa zinaliwa badala ya kuungua, moto ukapungua, miti ikaanza kurudi, na nchi ambayo zamani ilikuwa inapoteza kaboni hewani kwa moto ikaanza kuiweka kwenye udongo na miti. Wanyama wameongezeka mara tano na nchi imekuwa bora, kwa sababu wanahama. (Sotoka yenyewe ilitangazwa imetokomezwa duniani mwaka 2011, na chanjo ya ng'ombe ndo iliyofanya kazi hiyo, kwahiyo nyumbu wana deni kwa ng'ombe.)

Ng'ombe sio nyumbu, najua utaniambia hivyo na ni sawa, ng'ombe analala zizini na anarudi kunywa maji kila siku au kila baada ya siku moja. Lakini hilo zizi nalo lina habari yake. Mzee wako hahitaji kufundishwa kuhusu mahame, kila Msukuma anajua pale palipokuwa na zizi zamani mahindi yanakuwa meusi kwa rutuba na tumbaku inakubali kuliko popote. Wataalamu wamechimba maboma ya kale ya wafugaji kule Narok, Kenya, maboma yaliyohamwa kati ya miaka 1,550 na 3,700 iliyopita, utafiti ulitoka 2018, na wakakuta udongo wake mpaka leo una fosforasi, naitrojeni, kalsiamu na magnesiamu nyingi kuliko porini palipozunguka. Yaani mtu alifuga kabla ya Kristo, akahama, na swala wa leo bado wanakuja kula pale pale kwenye uwanja wa nyasi laini. Pori linabaki na mabaka mabaka ya rutuba, na kwenye mabaka hayo wanakusanyika wanyama, wadudu, ndege, mijusi. Asingehama rutuba ingelundikana shimo moja, ikavunda na kutiririka mtoni. Alihama, akaacha duara la kijani, akaenda kutengeneza lingine.

Mbegu nazo zinasafiri tumboni. Ng'ombe na mbuzi wanakula maganda ya mgunga kiangazi pasipo na kingine, mbegu ina ngozi ngumu inapita tumboni nzima, na kule tumboni vile vidudu vinavyotoboa mbegu vinakufa, alafu mbegu inadondoka kilomita kadhaa mbele ikiwa imefungwa ndani ya samadi yake. Hamna kitalu cha miti kinachofanya hivyo bure. Na kwato zinavunja ile ganda ngumu ya juu ya udongo, mbegu inapata pa kujishika na maji yanapata pa kuingia, mradi zipite ziende, zikishinda hapo hapo zinashindilia kama barabara. Ongeza na wale wadudu wanaoviringisha kinyesi, wanakizika chini, wanatoboa udongo, hewa inaingia. Australia walipeleka ng'ombe bila hao wadudu wa kwetu, mavi yakawa yanakauka juu ya majani yanaua malisho na kuzalisha nzi, mpaka kuanzia miaka ya 60 ikabidi walete wadudu kutoka Afrika. Hapa tunao na hatuwashukuru, na ukimwogesha ng'ombe dawa kali ya kupe kila mara mavi yake yanaweza kuwaua pia, hilo mkae nalo akilini. Kuhama kwenyewe kunapunguza kupe na minyoo, maana wanaangulia kwenye majani wanakuta mwenyeji wao keshaondoka.

Sasa nije kwenye kitu chetu wenyewe maana hapa ndo moyo wangu ulipo. Ngitili. Mgeni wenu anaposema kisasa nasikitika kidogo, kwa sababu utaratibu bora wa kupumzisha malisho niliowahi kuuona umetoka kwa babu zetu Wasukuma na haukuhitaji seng'enge. Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja eneo linafungwa, hakuna kuingiza mnyama, nyasi zinakua mpaka zinakomaa na kudondosha mbegu, alafu katikati ya kiangazi ndo linafunguliwa kipande kwa kipande. Na waliokuwa wanaingia mle kwanza ni ndama, wagonjwa, wazee, na maksai wa kulima, kundi kubwa lilikuwa limeenda mbali. Unaona jinsi vitu viwili vinavyoshikana? Ngitili iliwezekana kwa sababu kundi linahama, na kundi liliweza kuhama kwa moyo mkunjufu kwa sababu wanyonge wameachiwa chakula nyumbani. Aliyevunja mwiko alishitakiwa dagashida, yaani mkutano wa jadi wa kijiji, analipa.

Alafu tukaharibu. Shinyanga pori lilifyekwa sana kupambana na mbung'o, likaja pamba, zikaja kuni, na mwaka 1974 watu walipohamishiwa vijijini kila familia ikaacha ngitili yake ikawa haina mwenyewe. Ikafika mahali watu wanaiita Shinyanga jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na mwanzoni walikuja na miche ya miti ya kigeni, wananchi wakaipokea kwa ubaridi. Walipokubali kurudi kwenye ngitili ndo kazi ikatembea. Wakati wanaanza, ngitili zilizohesabika zilikuwa kama hekta 600, mradi ulipokwisha 2004 zilikuwa zaidi ya hekta laki tatu, kwenye vijiji zaidi ya 800. Miti mingi pale haikupandwa, visiki na mizizi vilikuwa hai chini muda wote vinasubiri kupumzishwa. Nimetembea kwenye ngitili moja na mzee mwenye nayo, akawa ananitajia kila mti na dawa yake, ndege wamejaa, akasema mingine kati ya hiyo aliiona mara ya mwisho akiwa kijana. Sitasahau uso wake.

Kama mgeni wenu atasema hayo ni mambo ya Kisukuma tu, kuna picha za satelaiti za nchi tatu zinazopakana, Mongolia, China na Urusi, nyasi zile zile, hali ya hewa ile ile. Upande wa Urusi wafugaji walitulizwa kwenye mashamba ya ushirika, na kama robo tatu ya malisho yalionekana yameharibika. China waligawiwa vipande na kuzungushiwa uzio, zaidi ya theluthi moja imeharibika. Mongolia waliendelea kuhama kama mababu zao, sehemu iliyoharibika ilikuwa kama moja ya kumi. Hiyo ilichapishwa mwaka 1998 na kila nikikutana na mtu anayetaka kuwatuliza wafugaji sehemu moja naanza na hiyo. Na ni Mongolia hiyo hiyo iliyopeleka hoja Umoja wa Mataifa mpaka mwaka 2026 ukatangazwa kuwa mwaka wa kimataifa wa nyanda za malisho na wafugaji, mwambie mzee asione aibu.

Hilo la kukausha ziwa nalo tulimalize. Asilimia kama 80 ya maji yanayoingia ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mengi yanaondoka kwa jua. Liliposhuka sana 2005 na 2006 sababu zilikuwa ukame pamoja na maji mengi kufunguliwa kwenye mabwawa ya umeme kule Jinja, na mwaka 2020 lilipopanda likaingia nyumba za watu wa mwaloni, ng'ombe walikuwa wale wale. Ng'ombe hawakaushi ziwa. Kuchafua ndo habari nyingine na hapo sitakudanganya. Maji ya ziwa yanageuka kijani kwa fosforasi na naitrojeni, zinatoka kwenye udongo wa mashamba unaomomonyoka, maji taka ya miji yetu, vumbi na moshi vinavyodondokea majini, na ndiyo, na kwenye kingo za mito zilizokanyagwa na mifugo. Mto Simiyu unapoingia ziwani hapo kwenu, uangalie rangi yake mvua ya kwanza ikipiga. Ni tope la wote, la mkulima aliyelima mpaka ukingoni na la mfugaji anayeshusha ng'ombe mia mbili kunywa sehemu ile ile kila siku na kuvunja mafunjo, yale majani marefu ya ukingoni. Mafunjo ndo chujio letu la maji. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ziwani na mtoni, na naomba familia yenu iwe ya kwanza kuiheshimu.

Kuna na uharibifu mwingine wa kweli. Kundi likiondoka Magu likafika sehemu likagoma kurudi, likakaa miaka, hilo halihami tena, limehamia. Wasukuma wenzetu wametawanyika hivyo Usangu, Rukwa, Kilombero mpaka Lindi, na mahali pengine wamefyeka misitu kulima mpunga na kuleta ugomvi na wenyeji. Hao wanaitwa wa kuhamahama na wakisukumwa tena inasemwa tumeokoa mazingira. Ihefu, lile bonde oevu la Usangu, mwaka 2006 na 2007 mifugo mingi iliondolewa kwa nguvu ili mto Ruaha Mkuu urudi kutiririka, wakati waliopima maji walikuwa wameshaonyesha kwamba mto unakauka kiangazi tangu 1993 hasa kwa sababu ya maji yanayochepushwa juu kwenda mashambani. Ng'ombe walikuwepo na kukanyaga walikanyaga, lakini walibebeshwa mzigo wa wengine, na mto ukaendelea kukauka. Inauma mayu, kwa sababu familia zilipoteza kila kitu njiani kwa jibu lisilo sahihi.

Na usije ukasikia upande wa pili ukaamini kila kitu pia. Kuna watu wanasema ng'ombe wakihamishwa kwa mpango watarudisha majangwa yote na kufuta joto la dunia, hapana, hilo halijathibitika. Ng'ombe anatoa methani, gesi inayoongeza joto la dunia, akicheua, anayehama na aliyefungwa wote. Tofauti ni kwamba wa kuhama hali chakula kilicholimwa na trekta, na pori lililojaa nyati na nyumbu lilikuwa linacheua hivyo hivyo kabla yetu.

Kufuga ndani je? Si kitu kibaya na wala si cha kisasa. Hapo Ukara, nyuma ya Ukerewe, Wakara wamefuga ng'ombe ndani tangu kabla ya Mjerumani, wakiwakatia majani na kuwaletea, samadi yote inabebwa kichwani kwenda shambani, kwa sababu kisiwa ni kidogo na watu ni wengi. Walifanikiwa mpaka wageni wakaja kuandika. Ila ni kazi ya jasho kutoka alfajiri mpaka usiku, kwa ng'ombe wawili watatu. Ng'ombe sitini kwa mtindo huo nani atakata majani, na ayakate wapi mwezi wa tisa? Mkitaka ng'ombe wawili wa maziwa hapo nyumbani kwa ajili ya soko la Kisesa na Igoma, vizuri sana, waongezeni, lakini msiuze kundi kwa sababu ya hotuba.

Sasa cha kufanya, maana umeniuliza pia mseme nini kwenye mkutano ujao.

Kwanza ngitili yenu. Umesema mna hekari kumi na mbili upande wa mlimani mnazochunga mwaka mzima. Fungeni angalau nusu yake mvua zikianza, bila huruma, hata mtoto wa jirani akiingiza mbuzi mmoja mseme. Miaka miwili mitatu mtaona nyasi za kudumu zinarudi, na mtakuwa na chakula cha ndama na maksai wakati kundi liko mbali. Alafu zizi lihamisheni, kila baada ya wiki mbili tatu kiangazi mlilaze kwenye kipande kingine cha shamba lenu, mtapata mbolea bila kubeba. Kabla ya safari uzeni wale wasio na kazi, mwezi wa sita ng'ombe bado ananenepa na mnadani ana bei, mwezi wa kumi mnamuuza mifupa. Najua mzee hapo atakunja uso, kwetu ng'ombe hahesabiwi kwa pesa tu, lakini kundi la arobaini na tano linalorudi lote zima ni bora kuliko sitini ambao kumi wanabaki njiani.

Kwenye safari yenyewe kaka zako wakachukue kibali, ng'ombe wawe na hereni na chanjo, maana ugonjwa mmoja wa mapafu mkiupeleka kijiji cha watu mmefunga njia ya miaka yote. Na maji, wasishushe kundi ziwani wala mtoni moja kwa moja, kama kijiji kina lambo au birika watumie hilo, kama hamna ombeni birika lijengwe nje ya zile mita 60 maji yavutwe kwa bomba, hilo ni ombi jepesi ambalo hata mgeni wenu hawezi kulikataa. Na wakulima mnakopita mkae nao kabla, si baada. Zamani ng'ombe waliingia kwenye mabua baada ya mavuno kwa makubaliano, mkulima anapata samadi mfugaji anapata malisho, wote wanacheka. Makubaliano hayo yakiandikwa, na tarehe, na nani analipa ng'ombe akiingia kabla ya mavuno, ugomvi mwingi unakufa kabla haujazaliwa.

La mwisho ndo gumu na ndo lenye maana kuliko yote. Njia za kuhamia zinakufa. Kila mwaka kipande kinapimwa kiwanja, kingine kinakuwa shamba la mpunga, mpaka siku moja kaka zako watakuta hakuna pa kupitisha kwato bila faini, na hapo ndo mtakuwa mnaharibu ardhi kweli, kama kilima chetu cha Kwimba. Sheria ipo upande wenu kama mkiitumia, sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 inaruhusu kijiji kutenga malisho na wafugaji kupewa hati ya kimila kwa pamoja, na ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2007 inaruhusu vijiji viwili vitatu kupanga pamoja. Kule Kiteto vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa walifanya hivyo, wakaunganisha malisho yao na kuyapa jina moja, OLENGAPA, kila kijiji kimetoa kipande cha jina lake. Kwetu huku ardhi imebana zaidi, nakubali, lakini hata njia nyembamba ya mita 50 iliyoandikwa kwenye ramani ya kijiji ni kitu ambacho mjukuu wa mzee wako atakishukuru.

Kwahiyo kabla ya mkutano kaa na mzee jioni moja na daftari. Mwulize njia ya zamani ilipita wapi, kila mahali kundi lilipolala, kila kisima, jina la kila mbuga kwa Kisukuma, nani alikuwa mwenyeji wao pale, na mwaka gani paliacha kupitika na kwa nini. Andika yote hata yale yanayoonekana madogo, alafu kaka zako wakiondoka msimu huu wapite na simu wachukue alama ya kila sehemu ambayo bado ipo. Ukishapata nitumie, nitakusaidia kuichora vizuri kwenye ramani, na siku ya mkutano mzee mwenyewe aisimamie mbele ya watu, wewe ukae pembeni yake.